Kopo moja la rangi, vijivu viwili ukutani

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa rangi hapa Nakuru. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kupamba ukuta wa mbele wa duka. Mwenye duka alitaka mistari ya kulala, mweusi na mweupe, kila mmoja sentimita 10, na ndani yake vipande vya kijivu vya urefu wa sentimita 40, vingine vikae kwenye mstari mweusi na vingine kwenye mweupe. Kijivu chote kilitoka kopo moja. Nilipomaliza alivuka barabara akatazama, akarudi akasema nimempunja, eti vipande vya mistari myeusi nimevipaka rangi iliyozidishwa tina. Nilipiga picha kwa simu, nikaangalia namba za rangi kwa programu, zikawa sawa. Hakuridhika, na nusu ya malipo yangu bado anayo. Kinachoniumiza ni kwamba nikivuka barabara nami naona anachokiona. Nasikia kuna programu za kompyuta zinazotabiri jicho la mtu litaona weupe kiasi gani. Je, zingeweza kunionya mapema? Na kwa nini jambo hili hutokea?

Jibu: Marahaba, fundi. Nianze na linalogusa mfuko wako. Hukumpunja mtu, na mwenye duka naye hasemi uongo. Simu yako ilipima mwanga unaotoka ukutani, yeye aliutazama ukuta. Hizo ni kazi mbili, na ubongo wa binadamu haujaumbwa kufanya ile ya simu. Kuhusu programu, ndiyo, ipo ambayo ingekuambia kabla hujafungua kopo kwamba vipande vya mistari myeusi vitaonekana vyeupe kuliko vingine. Vitazidi kwa kiasi gani, hapo ningeisikiliza kwa tahadhari, na sababu zangu utaziona.

Kwanza nikukinge na jibu la haraka, maana mafundi wenzako watakupa. Watasema: kijivu juu ya nyeusi huonekana cheupe, juu ya nyeupe huonekana cheusi, basi kwisha maneno. Ni kweli kwa kipande kimoja kilichozungukwa na rangi moja pande zote. Lakini chukua futi kamba uupime ukuta wako. Kipande cha kijivu kilicho ndani ya mstari mweusi kinapakana na weusi kwenye ncha zake mbili tu, sentimita 10 huku na 10 kule. Ubavuni, juu na chini, kinapakana na mistari myeupe kwa sentimita 40 mara mbili. Kwa hiyo kimezungukwa na sentimita 80 za nyeupe na 20 za nyeusi. Kwa hesabu ya mafundi wenzako kilipaswa kuonekana cheusi zaidi. Kimeonekana cheupe zaidi. Ukuta wako umeikataa ile kanuni waziwazi, na ndiyo sababu swali lako limenifurahisha kuliko unavyoweza kudhani.

Mpangilio huo huo, mistari na vipande vya kijivu ndani yake, ulichapishwa na Michael White mwaka 1979, na tangu hapo kila anayetengeneza modeli ya uonaji, yaani hesabu ya kutabiri jicho litaona nini, lazima aupitie kama mtihani. Modeli nyingi zilizokuwa zikisifiwa zilianguka hapo.

Wala si wewe wa kwanza kukosana na mteja kwa jambo la namna hii. Huko Paris, Michel Eugène Chevreul, mkemia, alikabidhiwa idara ya kutia nyuzi rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins mwaka 1824. Malalamiko yakamfikia kwamba nyuzi nyeusi zilizotumika kwenye vivuli vya nguo za bluu na zambarau hazina nguvu. Alizipima, akakuta weusi wake hauna kasoro. Kilichokuwa kikiubadilisha ni rangi jirani. Mwaka 1839 alitoa kitabu kizima kuhusu jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Mteja hakuwa amekosea, wala aliyetia rangi.

Sasa tuiseme ile namba ya simu. Programu ilipokupa, tuseme, 128 kati ya 255 kwa vipande vyote, ilikuwa inakuambia kwamba mwanga uliofika kwenye kamera ulikuwa sawa. Jihadhari tu usidhani 128 ni nusu ya mwanga. Kwa kipimo cha kawaida cha picha za kidijitali, 128 ni kama asilimia 22 tu ya mwanga wa 255. Namba zimepangwa hivyo makusudi, kwa kuwa jicho lenyewe halihesabu mwanga kwa rula iliyonyooka. Ukuta unaorudisha asilimia 18 ya mwanga unaouangukia, watu huuona uko katikati ya nyeusi na nyeupe. Fomula ya kukadiria weupe iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1976 imejengwa karibu na kipeuo cha tatu cha mwanga, na watengenezaji rangi wanaitegemea mpaka leo. Hiyo tayari ni modeli ndogo ya jicho, tena inasaidia. Kasoro yake ni kwamba inakitazama kipande kimoja kana kwamba kiko peke yake duniani. Ingekuambia kama simu ilivyokuambia: vijivu vyako ni kimoja.

Hatua iliyofuata ilitoka kwenye mwili wenyewe. Mwaka 1865 Ernst Mach aliona kwamba mahali mwanga unapoanza kupanda au kukoma kupanda, jicho huona ukanda mweupe au mweusi ambao haupo, akakisia kwamba sehemu jirani za retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, zinapunguziana nguvu. Karne iliyofuata Haldan Keffer Hartline aliliona jambo hilo kwenye jicho la Limulus, mnyama wa baharini mwenye gamba kama kaa: ukimulika sehemu moja ya jicho, sehemu ya jirani inapunguza ishara zake. Mwaka 1967 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1953 Stephen Kuffler alikuwa ameonyesha kwamba seli nyingi za retina ya paka zina kitovu na ukingo: mwanga ukiangukia kitovu zinachangamka, ukiangukia ukingo zinanyamaa, au kinyume chake.

Seli ya namna hiyo unaweza kuifanyia hesabu kwa kalamu. Tuseme nyeusi yako inarudisha mwanga wa 5, kijivu 30, nyeupe 80. Chukua mwanga wa kitovu, toa nusu ya wastani wa majirani. Kijivu katikati ya uwanja mweusi: 30 toa 2.5, unabaki na 27.5. Kijivu katikati ya uwanja mweupe: 30 toa 40, unakwenda chini ya sifuri. Safi, ndivyo macho yanavyoona. Sasa ilete kwenye ukuta wako. Kipande cha mstari mweusi kina majirani weupe sehemu nane kwa kumi, kwa hiyo wastani wao ni 65, nusu yake 32.5, nasi tunabaki na hasi 2.5. Kipande cha mstari mweupe kina majirani weusi sehemu nane kwa kumi, wastani 20, nusu yake 10, tunabaki na 20. Modeli imetabiri kwamba cha mstari mweupe ndicho kitakachoonekana cheupe. Imekosea upande mzima! Hesabu yangu ni ya mkato, lakini hata ukiifanya kwa kompyuta na seli za ukubwa wa kawaida, shida inabaki pale pale.

Modeli ambayo ingekuonya ni ile ya Barbara Blakeslee na Mark McCourt wa Marekani, ya mwaka 1999, iitwayo ODOG. Nitaieleza polepole kwa sababu ndiyo kiini cha jibu lako. Badala ya seli za duara, wao walitumia vichujio vyenye mwelekeo, yaani hesabu zinazolinganisha sehemu ya picha na majirani zake. Kila kichujio kina ukanda wa katikati na mbavu pembeni, kama alama ya brashi bapa. Kingine kinatazama kwa kulala, kingine kwa kusimama, vingine kwa mshazari, jumla mielekeo 6. Kila mwelekeo una saizi 7, kila saizi mara mbili ya iliyotangulia, kuanzia vinavyoona michirizi myembamba hadi vinavyoona ukuta mzima. Hapo una vichujio 42. Picha inapitishwa kwenye vyote.

Mpaka hapo hakuna maajabu. Yanakuja kwenye hatua inayofuata. Fikiria baraza la chifu ambamo upande mmoja una watu mia wanaopiga kelele na upande mwingine watu watano. Ukihesabu kelele, watano hawasikiki. Chifu mwenye busara anaupa kila upande muda uleule wa kusema. ODOG inafanya hivyo kwa mielekeo: inajumlisha majibu ya kila mwelekeo, inapima mwelekeo huo una kelele kiasi gani kwenye picha nzima, kisha inaugawanya kwa kiasi hicho, ndipo inajumlisha yote sita. Kwenye ukuta wako mistari imelala, kwa hiyo vichujio vya kulala ndivyo vinavyopiga kelele kupita vyote. Hivyo ndivyo vinavyolinganisha kijivu na mistari ya juu na chini yake. Vinashushwa sauti. Vichujio vya kusimama, ambavyo vinalinganisha kijivu na ncha zake mbili, yaani na mstari ule ule kilimokaa, vilikuwa vinanong'ona, sasa vinapandishwa. Zile sentimita 20 za weusi kwenye ncha zinapata kusikika kuliko urefu wake, na kipande kinaonekana cheupe. Kile cha mstari mweupe, kwa njia hiyo hiyo, kinatiwa weusi na ncha zake.

Mara ya kwanza nilipoiandika modeli hii mwenyewe, hapa Kisumu, mistari michache tu ya programu kwenye kompyuta ya kawaida, niliingiza picha ya White na kungoja. Namba zilipotoka zikielekea upande ule ule ambao jicho langu lilikuwa linaelekea, nilinyamaza kwa muda. Ndani yake hakuna neno lolote kuhusu duka, ukuta, rangi au kivuli. Ni kutoa, kugawanya na kujumlisha, na ikaona kama mtu.

Lakini usiikumbatie upesi. Angalia pale niliposema inapima kelele za picha nzima. Maana yake ukitundika bango kubwa la mistari mwisho wa ukuta, mbali kabisa na vipande vyako, modeli inabadilisha utabiri wake wa vipande vyote. Macho yetu hayako hivyo. Mwaka 2007 Alan Robinson na wenzake waliirekebisha ili kila eneo lipime kelele za jirani zake tu, na toleo lao likafaulu picha nyingi zaidi.

Kisha mwaka 2015 ukaja mtihani mgumu zaidi, na kwa maoni yangu ndio ulio muhimu kuliko yote. Torsten Betz, Marianne Maertens na wenzao waliifunika picha ya White kwa chenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi, ila chenga za ukubwa uliochaguliwa. Kwa watu, chenga zenye mizunguko (jozi za weusi na weupe) kati ya 1 na 5 kwa kila digrii ya jicho, yaani pembe ambayo kitu kinachukua machoni, zinaidhoofisha sana hali hii ya vijivu viwili, na zilizo kubwa au ndogo kupita hapo haziigusi sana. Modeli za vichujio walizozijaribu hazikuweza kuiga tabia hiyo, hata moja. Zilikuwa zinatoa jibu sahihi kwa njia isiyo ya jicho. Wao wanaona kwamba kinachoamua hasa ni tofauti ya mwanga kwenye kingo, pale rangi moja inapokutana na nyingine. Nami nimeegemea huko. Modeli inayopata jibu la mtihani bila kupitia njia ya jicho itakuangusha siku utakapoiletea ukuta ambao haijawahi kuuona.

Kuna jambo jingine ambalo vichujio vya picha bapa haviwezi kulijua. Mwaka 1977 Alan Gilchrist alipanga vyumba viwili, kimoja na mwanga mwingi, kingine hafifu, akamfanya mtazamaji aamini kadi ileile iko kwenye chumba kimoja au kingine. Mwanga uliofika jichoni ulikuwa karibu sawa kabisa. Kadi ilionekana karibu nyeupe ikidhaniwa iko kwenye chumba hafifu, na karibu nyeusi ikidhaniwa iko kwenye chumba chenye mwanga. Kichujio kitaonaje hilo, wakati picha haijabadilika? Mwaka 1995 Edward Adelson wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, alichora ubao wa dama wenye kivuli cha mcheduara, ambapo mraba mweusi ulio nje ya kivuli na mraba mweupe ulio ndani yake vina namba moja kabisa, na hakuna anayeamini mpaka avifunike vingine kwa karatasi. Ubongo unajaribu kujua ukuta umepakwa nini, na ili ujue hilo lazima ukisie kwanza mwanga unaouangukia. Wewe unalijua hili kwa mikono yako. Saa sita mchana, hapa kwetu karibu na ikweta, upenu wa mabati unatupa kivuli sehemu ya juu ya ukuta, na mwanga unaorudi pale ni mdogo mara nyingi kuliko chini, lakini hakuna mteja anayesema umepaka juu rangi nyingine.

Siku hizi wengi wananiuliza kama akili unde imelimaliza swali. Ilichotuonyesha ni kizuri. Mwaka 2007 David Corney na Beau Lotto walifundisha mitandao midogo ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, kwa picha za kubuni, nyuso zilizoangukiana kama majani makavu chini ya mwembe, zikimulikwa kwa mwanga unaobadilika. Kazi ya mtandao ilikuwa moja: sema uso huu umepakwa weupe kiasi gani, bila kujua mwanga ni kiasi gani. Ulipozoea kazi hiyo, walipouonyesha picha za kudanganya jicho, ukadanganyika kama sisi, na ile ya White ikiwemo. Hakuna aliyeufundisha kudanganyika. Mwaka 2019 Alexander Gomez-Villa na wenzake waliona dalili kama hizo kwenye mitandao iliyofundishwa kusafisha picha zenye chenga na zenye ukungu. Kwangu hili linaeleza mengi kuliko vichujio 42. Jicho linadanganyika kwa sababu limejifunza kazi ngumu katika dunia yenye vivuli, na kanuni lilizojifunza zinafaa karibu kila mahali, isipokuwa kwenye kuta kama yako. Hata hivyo mitandao hiyo haidanganyiki kwa picha zote zinazotudanganya sisi, wala kwa kiasi kilekile, kwa hiyo nisingeitumia kukupimia rangi.

Turudi Nakuru. Mistari yako miwili, mweusi na mweupe, ni sentimita 20 kwa pamoja. Ukiwa mita 10 kutoka ukutani, digrii moja ya jicho inafunika kama sentimita 17 na nusu, yaani chini kidogo ya jozi moja ya mistari. Ukiwa mita 20, ng'ambo ya barabara, digrii moja inabeba karibu jozi mbili. Hali hii huongezeka nguvu mistari inapozidi kuwa myembamba machoni. Ndiyo maana ukiwa juu ya ngazi, pua karibu na ukuta, hukuona kitu, na mwenye duka aliposimama ng'ambo akaona vijivu viwili. Kwa kazi zijazo, nyoosha mkono na utumie kidole gumba, ambacho kwa mkono ulionyooka kinafunika kama digrii 2. Simama pale wateja watakaposimama, uone ni jozi ngapi zinajificha nyuma ya kidole. Zikiwa nyingi, tarajia malalamiko, au mshauri mteja apanue mistari.

Kwa mwenye duka, chukua karatasi ngumu ya rangi moja, toboa matundu mawili madogo, usimame naye umbali ambao tundu moja litaonyesha kipande cha mstari mweusi na jingine cha mstari mweupe, bila ukingo wowote kuingia. Atakiona kijivu kimoja. Kisha ondoa karatasi, na vijivu vitakuwa viwili tena machoni pake. Mpe karatasi aishike mwenyewe, ajaribu mara tatu nne bila wewe kusema neno.

Akisema ameelewa lakini bado anataka vionekane sawa, hiyo ni haki yake, na hapo usitafute programu. Paka kadi tano au sita kwa kijivu chako, kila moja ukiitia nyeusi zaidi kidogo kuliko iliyotangulia, uzikate kwa saizi ya vipande. Zibandike moja moja juu ya kipande cha mstari mweusi, ninyi wawili mkiwa ng'ambo ya barabara, mpaka ifike ile ambayo mteja anasema imelingana na vya mistari myeupe. Maabara zinazopima uonaji zinafanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao wanazungusha kitufe. Fanyeni asubuhi, mrudie alasiri upenu ukiwa umehamisha kivuli chake, na kadi iliyoshinda mara zote mbili ndiyo uchanganye kopo kwa kuifuata. Vipande vya mistari myeupe usiviguse. Na kopo hilo la pili, pamoja na siku ya kazi, yaingie kwenye bili yake, baada ya kukulipa ile nusu ya kwanza.